Mcheza Kwao Hutunzwa. Na Aliyemfundisha Kucheza?

Jumatatu ya tarehe 3 Novemba 1975, katika ukumbi wa Majestic, Broadway, jijini New York, wachezaji dansi walikusanyika kumuenzi mwalimu wao. Wenyeji wa shughuli walikuwa Alvin Ailey, mtunzi wa dansi mwenye kundi lake, na Harry Belafonte, mwimbaji na mwigizaji, watu ambao wakati huo hawakuhitaji kutambulishwa kwa yeyote. Aliyeenziwa ni Syvilla Fort, mwanamke wa miaka 58 aliyekuwa akiugua saratani ya matiti. Muungano wa vikundi vya sanaa za jukwaani vya Wamarekani Weusi, Black Theater Alliance, ndio ulioandaa usiku ule, na katika jina lake wakatia maneno ya kueleza kwamba vizazi vitatu vinamsalimu. Siku tano baadaye, tarehe 8 Novemba, Fort alifariki dunia.

Siku hizo tano ndizo zilizonikalisha kitako kuandika. Mtu amefundisha tangu utotoni, amefundisha mpaka uzeeni, na mkono wa shukrani unamfikia akiwa na siku tano za kuishi.

Methali yetu inasema mcheza kwao hutunzwa. Kutunza huko ni kule kwa uwanjani: ngoma imekolea, watu wanainuka, mmoja anamvisha mchezaji kanga, mwingine anambandika noti kwenye paji la uso. Neno tuzo tunalolisoma magazetini limezaliwa na kitenzi hicho. Ukitazama vizuri, hata hivyo, utaona noti haimfikii aliyemfundisha yule mchezaji. Yeye amekaa pembeni, pengine anapiga makofi, pengine hakualikwa kabisa. Syvilla Fort ni mtu wa pembeni, na hoja yangu ni kwamba kusahaulika kwake hakukutokana na bahati mbaya. Kulikuwa na sababu zake, na sababu hizo zinafanya kazi mpaka leo kwa walimu wengine wa aina yake.

Alizaliwa Seattle, jimbo la Washington, tarehe 3 Julai 1917. Wengi wetu tumezoea kuuweka ubaguzi wa Marekani kwenye majimbo ya kusini, kule kwenye mashamba ya pamba. Seattle iko kaskazini-magharibi kabisa, karibu na mpaka wa Kanada, na shule za baleti za huko zilimkataa mtoto huyu kwa sababu ya rangi yake. Ikabidi afundishwe peke yake, nyumbani. Alipofika miaka tisa alikuwa tayari amekusanya watoto wa majirani, wale ambao kwao hakukuwa na fedha ya kulipia masomo, akiwafundisha baleti, dansi ya kisasa na tap, ile ya kugonga sakafu kwa viatu vyenye vyuma.

Miaka tisa. Watoto wengi wakinyimwa kitu kisha wakakipata kwa shida, hukificha. Huyu alichopokea kwa mlango wa nyuma alikitoa kwa mlango wa mbele. Wanaoandika habari zake huona hapo dalili ya kipaji cha mchezaji. Mimi naona mwalimu aliyetangulia kuzaliwa kabla ya mchezaji, na naamini maisha yake yote yanasomeka vizuri zaidi ukianzia hapo.

Mwaka 1932 aliingia Cornish School, chuo cha sanaa cha Seattle alichokianzisha Nellie Cornish mwaka 1914. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza Mweusi chuoni. Baadaye dansi pale ilifundishwa na Bonnie Bird, aliyewahi kucheza katika kundi la Martha Graham, gwiji wa dansi ya kisasa, na miongoni mwa wanafunzi alikuwamo Merce Cunningham, ambaye jina lake lingekuja kuwa kubwa sana katika dansi ya karne ya 20. Kwenye piano ya darasa, kuanzia mwaka 1938, alikaa kijana mmoja mtunzi wa muziki, John Cage.

Nakiri kwamba jina la Syvilla Fort nililikuta mara ya kwanza nikisoma habari za piano. Wakati huo nilikuwa sisomi chochote kuhusu dansi. Kisa chenyewe kinajulikana sana kwa wapenzi wa muziki wa kisasa. Mwaka 1940 Fort alikuwa anaandaa dansi yake yenye chimbuko la Kiafrika, aliyoiita Bacchanale, akamwomba Cage amtungie muziki. Cage alikuwa na siku chache tu za kuutunga. Angependa kutumia kundi la wapiga ala za kugonga, maana ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya miaka ile, lakini ukumbi ulikuwa mdogo, una nafasi ya piano moja tu pembeni ya jukwaa. Cage mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alianza kwa kutafuta mpangilio wa nota kumi na mbili utakaokuwa na sauti ya Kiafrika, akatafuta siku nzima na zaidi, akatoka mtupu. Ndipo akaigeukia piano yenyewe. Aliweka sahani ya kuokea juu ya nyuzi, ikawa inarukaruka. Akajaribu misumari, ikateleza na kudondoka. Akaingiza skrubu katikati ya nyuzi, zikakaa. Piano moja ikaanza kutoa sauti za ngoma, za mbao na za kengele, kama vile ndani yake wamejificha wapigaji wengi.

Ala hiyo, piano iliyotiwa vitu ndani, ikawa mojawapo ya uvumbuzi wa muziki unaotajwa sana wa karne iliyopita. Cage aliendelea nayo mpaka kwenye kazi yake kubwa ya mwaka 1946 hadi 1948, Sonatas and Interludes.

Kila anayekisimulia kisa hiki anaanza na udogo wa ukumbi. Haja ni mama wa uvumbuzi, wanasema, kisha wanamtazama Cage na skrubu zake. Mimi nauliza haja ilikuwa ya nani. Ukumbi mdogo peke yake hauleti shida yoyote. Angekuwa mwanafunzi mwingine anayetaka kucheza kwa wimbo wa piano wa kawaida, mambo yangekwisha hapo. Shida ililetwa na binti Mweusi wa miaka 22 aliyekuwa na dansi ya asili ya Kiafrika kichwani, ambaye mwili wake ulidai midundo. Yeye ndiye aliyejua kwamba piano kama ilivyo haitoshi. Huo ni ujuzi, na ndio uliomlazimisha mtunzi kufungua kifuniko cha piano. Cage hakumficha, alimtaja. Waliomfuata ndio waliopunguza, mpaka leo katika vitabu vingi Fort ni nusu sentensi: mchezaji fulani aliyeagiza muziki.

Kutoka Seattle alikwenda Los Angeles, na huko mtunzi wa muziki William Grant Still alimkutanisha na Katherine Dunham, mchezaji na mtunzi wa dansi mwenye kundi lake. Hapa inabidi tumzungumzie Dunham kidogo, maana bila yeye hatuwezi kuelewa Fort alifundisha nini.

Dunham, mzaliwa wa jimbo la Illinois mwaka 1909, alisoma anthropolojia Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1935 alipata ufadhili wa mfuko wa Rosenwald, akaenda Karibi: kwa Wamaruni wa Accompong nchini Jamaika, wazao wa watumwa waliotoroka, Martinique, Trinidad, na hasa Haiti, nchi aliyoipenda mpaka kifo chake mwaka 2006. Alikwenda kama mtafiti mwenye daftari, lakini pia kama mchezaji aliyekubali kuingia uwanjani na kufundishwa. Aliporudi alikuwa na jambo ambalo majumba ya maonyesho ya Marekani hayakuwa nalo: hakika kwamba ngoma za watu wenye asili ya Afrika zina mpango, zina sarufi, zinaweza kuchambuliwa na kufundishwa hatua kwa hatua kama baleti inavyofundishwa. Leo jambo hilo linaonekana dogo. Wakati ule watazamaji wengi wa Kizungu waliamini Mweusi huzaliwa anajua kucheza, yaani hana anachojifunza, yaani hakuna elimu yoyote pale. Sifa ile ilikuwa tusi lililovaa nguo nzuri.

Jibu la Dunham lilikuwa darasa. Darasa lake huanza na pumzi. Kisha kuna mwamba wa ukutani wa kushikia kama wa baleti, ila mgongo unaruhusiwa kuviringika na nyonga zinaruhusiwa kuzunguka. Halafu kazi ya kutenga viungo: kichwa kinakwenda peke yake, mabega peke yake, mbavu peke yake, nyonga peke yake, huku sehemu nyingine zimetulia kama hazihusiki. Msomaji anayejua kukata kiuno mabega yakiwa yametulia ameshaelewa ninachosema, na hahitaji mchoro. Kuna dansi ya yanvalou ya Haiti, ambayo mgongo huenda kama wimbi linalokuja ufukweni. Mwishoni wanafunzi wanavuka ukumbi kwa safu, ukuta hadi ukuta, na mpiga ngoma yumo humo humo chumbani, anawatazama miguu. Ni dansi, na ni mazoezi ya mwili ya kutoa jasho hasa. Misuli ya tumbo, mapaja, mapafu, kila kitu kinafanya kazi, na kila zoezi linajiegemeza kwenye lililotangulia.

Fort aliingia katika kundi la Dunham mwanzoni mwa miaka ya 40, akazunguka nalo, akaonekana nalo katika filamu ya Stormy Weather ya mwaka 1943. Kisha goti likamharibikia. Kwa mchezaji wa jukwaani, goti bovu ni barua ya kustaafu. Kwake lilikuwa kurudi kwenye kazi aliyoianza akiwa na miaka tisa. Mwaka 1948 Dunham alimkabidhi uongozi na ufundishaji wa shule yake ya New York, ile iliyokuwa mtaa wa 43, karibu na majumba ya Broadway.

Shule ile ilikuwa kitu cha ajabu katika mji ambao Mweusi alikuwa bado anafungiwa milango ya madarasa mengi. Mtu alisoma dansi, lakini pia maigizo, lugha, falsafa na anthropolojia. Weusi na Weupe walisimama kwenye mwamba mmoja. Waigizaji wa filamu Marlon Brando na James Dean walipita pale, mwimbaji Eartha Kitt alikulia katika kundi la Dunham toka akiwa binti mdogo. Wakati huo Dunham mwenyewe alikuwa safarini, Mexico, London, Paris, Amerika Kusini, nchi baada ya nchi, akibeba kundi lake kwa juhudi zake bila mkono wa serikali. Safari zile zilikuwa za lazima. Ndizo zilizoingiza fedha, na ndizo zilizoonyesha dunia. Lakini shule haiendeshwi kwa barua kutoka Paris. Lazima awepo mtu wa kufungua mlango asubuhi, wa kukagua nani amelipa na nani hana, wa kumwambia kijana mpya aanze kwa kupumua. Mtu huyo alikuwa Fort, mpaka shule ilipokwisha katikati ya miaka ya 50.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kusahaulika kwake: alibaki. Anayesafiri huacha mabango, picha, habari kwenye magazeti ya miji thelathini. Anayebaki huacha miili ya watu iliyofundishwa, na miili haina saini. Mchezaji akipanda jukwaani, programu ya onyesho itataja mtunzi wa dansi, mshona mavazi, mwenye taa. Mwalimu aliyemnyoosha mgongo wake miaka minne hayumo.

Mwaka 1955 yeye na mumewe, Buddy Phillips, walifungua studio yao wenyewe mtaa wa 44. Aliiendesha miaka ishirini, mpaka ugonjwa ulipomshinda. Kwa miaka kadhaa alifundisha pia Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, wakufunzi wa kesho wakiwa mbele yake. Na katika studio ile alikamilisha mfumo wake: aliyoyapata Cornish kwa Bonnie Bird na aliyoyapata kwa Dunham, akayasuka pamoja akayaita Afro-Modern.

Lisome tena jina hilo. Martha Graham ana mfumo unaoitwa kwa jina lake. Lester Horton ana wake. Dunham ana wake. Mwanafunzi akiingia darasa la Graham hata leo, hata kama hajui historia yoyote, analitamka jina la mwalimu kila anapotaja somo lake. Fort aliupa mfumo wake jina la asili zake, Afrika na dansi ya kisasa, akajiacha nje. Nimejaribu kujishawishi kwamba huo ni unyenyekevu mzuri wa kupigiwa mfano, nikashindwa. Ni unyenyekevu, ndiyo, na una heshima kubwa ndani yake kwa waliomtangulia. Lakini uligharimu. Jina kama Afro-Modern ni uwanja usio na ua. Kila mtu anapita, kila mtu anachuma, na baada ya miaka michache hakuna anayekumbuka nani alilima. Hiyo ni sababu ya pili, na ningependa walimu wa leo wanaobuni mazoezi mapya katika kumbi zao waitafakari. Kutia jina lako kwenye kazi yako si majivuno. Ni kumwekea mwanafunzi wako alama ya njia ya kurudia.

Sababu ya tatu nami nimeshaifanya hapo juu bila kujizuia. Nimetaja Brando na Dean. Mtu akimtaja Fort, ndani ya dakika moja atawataja hao, na Ailey, na James Earl Jones. Kwa msomaji wa Kiswahili nina kishawishi kikubwa zaidi: James Earl Jones ndiye sauti ya Mufasa katika The Lion King, filamu ya mwaka 1994 ambayo wahusika wake Simba na Rafiki wanaitwa kwa maneno yetu wenyewe. Ukishaambiwa mwalimu wa Mufasa, utamkumbuka. Na hapo hapo utakuwa umemkumbuka Mufasa. Mwanafunzi mashuhuri ni mwanga unaomwonyesha mwalimu na kumfunika kwa wakati mmoja. Wale mamia wengine waliopita mtaa wa 44, makarani waliotoka kazini jioni, walimu wa shule, mabinti waliokuja mara mbili kwa wiki wakarudi nyumbani na mgongo ulionyooka na kichwa kilichoinuka, hao hawatajwi kabisa, ilhali ndio waliokuwa wengi, na ndio wanaompa mwalimu sura yake halisi.

Kwa hao najiuliza zaidi kuliko kwa Brando. Mchezaji wa jukwaani atafundishika popote. Ana kiu, ana muda, ana ndoto. Karani aliyechoka ni mtihani wa kweli wa mwalimu. Lazima umpangie mazoezi kwa namna ambayo asiumie, apate ushindi mdogo kila wiki, asikate tamaa. Ukifundisha goti lako mwenyewe likiwa limeharibika, huwezi kuruka ili wakuige. Unabaki na sauti, mikono na macho. Unalazimika kujua kwa maneno yale ambayo wengine wanayajua kwa miguu. Nadhani ndiyo maana walimu walioumia mara nyingi ni walimu wa kina, ingawa sipendi kuumia kwa mtu kufanywe daraja la sifa zake.

Leo katika miji mingi duniani kuna madarasa ya mazoezi yanayoendeshwa kwa ngoma na muziki wenye asili ya Afrika na Karibi. Watu wanazungusha mabega, wanatenga nyonga na mbavu, wanavuka ukumbi kwa safu, wanalipia. Sidai kwamba kila mwalimu wa darasa kama hilo anatokana na mtaa wa 44. Njia za mwili ni nyingi, na ngoma zenyewe zilikuwapo kabla ya Dunham na kabla ya Fort. Ninachodai ni hiki. Wazo kwamba ngoma hizo zinaweza kupangwa kuwa masomo, yenye mwanzo na mwendelezo, kwa mtu mzima wa rangi yoyote na umbo lolote, lilipiganiwa kwa miongo kadhaa na wanawake Weusi wachache katika vyumba vya kukodi vya New York. Walipigana na kodi ya pango pia. Fort alikuwa mmoja wao, na mmoja aliyekaa muda mrefu kuliko wengi.

Najua nitakachoambiwa: zawadi ya mwalimu ni mwanafunzi wake, na Fort alipata wanafunzi ambao mwalimu yeyote angewatamani, isitoshe alipata usiku wake Majestic. Neno la kwanza nimelisikia maisha yangu yote, na halijawahi kunitosha. Ni neno rahisi kwa asiyelipa pango la studio. Mwanafunzi ni furaha ya mwalimu, hilo halina ubishi. Lakini furaha haikati bili, haiandiki kitabu cha mazoezi, haipeleki mfumo kwa kizazi kinachofuata. Dunham aliishi miaka 96, akapewa heshima za Kennedy Center mwaka 1983 na nishani ya taifa ya sanaa mwaka 1989, na mfumo wake una utaratibu wa kuwathibitisha walimu wake, anayefundisha leo ajulikane amejifunza kwa nani. Alistahili kila kipande, tena zilichelewa. Fort alikufa na miaka 58. Miaka minne baadaye, mwaka 1979, mtengenezaji filamu Ayoka Chenzira alitoa filamu fupi juu yake, Syvilla: They Dance to Her Drum. Namshukuru Chenzira. Aliona kwamba mwalimu asiporekodiwa upesi hupotea pamoja na wanafunzi wake wa mwisho.

Kuhusu ule usiku wa Majestic, nimeufikiria sana na nimeishia kuuheshimu kuliko nilivyoanza. Walioandaa wangeweza kufanya chakula cha jioni, hotuba, bango la mbao. Walichagua kucheza. Walimrudishia kwa lugha aliyowafundisha, na wakaipanga kwa vizazi: Dunham, Fort, Ailey. Mpango huo unasema jambo ambalo vitabu vya historia ya dansi huliruka. Ailey alikuwa kijana Los Angeles alipoliona kundi la Dunham, na dunia hupenda kusimulia hivyo, jitu kubwa likiliona jitu kubwa, mwanga ukiruka kutoka jukwaa moja hadi jingine. Lakini mwanga haufundishi mtu kusimama. Kati ya jukwaa la Dunham na jukwaa la Ailey kuna sakafu ya mbao, mpiga ngoma pembeni, na mwanamke anayesema rudia, mabega chini, anza na pumzi. Siku ile walimweka katikati, mahali pake hasa, na alikuwa hai.

Wangeweza kumweka hapo mwaka 1965. Wangeweza mwaka 1955, studio ilipofunguliwa. Ailey alikuwa na kundi lake tangu mwaka 1958, Belafonte alikuwa na jina kabla ya hapo. Siwalaumu wao peke yao, maana hao ndio angalau walioamka. Nalaumu desturi ya kungoja ugonjwa. Tunaona mwalimu yupo, mlango uko wazi, darasa linaendelea, tunadhani ataendelea kuwapo kama mlango ule.

Bacchanale inapigwa mpaka leo katika kumbi za muziki za nchi nyingi. Kabla ya kuanza, mpiga piano huinamia ndani ya piano akiingiza skrubu moja moja kati ya nyuzi, kwa vipimo vilivyoandikwa, kazi ya kuhitaji subira. Kisha anakaa, na ngoma zile zilizokosa nafasi mwaka 1940 zinasikika. Majukwaa ya siku hizi ni mapana. Wapigaji kumi wangeenea bila shida, na mchezaji angepata nafasi ya kuzunguka. Mara nyingi, lakini, mpiga piano yuko peke yake, na sakafu iliyo mbele yake iko tupu.